Mali bila daftari: Mafunzo ya uvumbuzi kutoka Bonde la Bugarama

Askari aliyewahi kupangiwa lindo katika bonde la Bugarama, kusini magharibi ya Rwanda, anaijua vizuri tofauti ya mahali hapo na sehemu nyingine za nchi. Rwanda inaitwa nchi ya milima elfu moja, lakini Bugarama ni tambarare yenye joto. Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuteremka kwenda Ziwa Tanganyika, hufika hapa ukiwa kwenye kimo cha kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ardhi ya Rwanda iliyo chini zaidi ya hapo. Ng'ambo ya Rusizi ni Kongo, upande wa Kamanyola. Ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi. Nchi tatu zinakutana hapa.

Kwa sababu hiyo sisi waandishi wa magazeti tumezoea kuiandika Bugarama kama habari ya mipaka: nani kavuka, nani kakamatwa, lango gani limefungwa na lipi limefunguliwa. Habari hizo ni za kweli na zina uzito wake. Leo, hata hivyo, tungependa kulitazama bonde hili kwa upande mwingine. Hapa, na katika wilaya nzima ya Rusizi iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa wa Cyangugu, watu wamejaribu kwa muda wa miaka arobaini njia mpya nyingi za kupambana na taabu za kale: ukosefu wa saruji, ukosefu wa umeme, upungufu wa kuni, maradhi na uchafu. Baadhi ya njia hizo zimefaulu. Nyingine zimekwama, mitambo ikabaki imesimama huku gharama zake zikiendelea kuhesabiwa katika vitabu vya serikali.

Siku hizi katika kila mkutano tunaambiwa kwamba uvumbuzi utaiokoa jamii. Hatupingi. Lakini hatuna budi kuuliza: kwa nini uvumbuzi mmoja huiokoa jamii na mwingine huiachia madeni? Jibu tunaloliona katika wilaya ya Rusizi linaweza kuelezwa kwa methali moja ya wazee wetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Uvumbuzi uliotanguliwa na hesabu ya kweli umesaidia watu. Ule uliotangulia hesabu umekwama. Tunawaandikia askari na polisi jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa hakuna raia anayefunzwa kuhesabu kabla ya kutenda kama anavyofunzwa askari.

SARUJI YA NYUMBANI

Tuanze na kiwanda. Kabla ya mwaka 1984 Rwanda haikuwa na kiwanda cha saruji. Kila mfuko uliojenga zahanati, daraja au kambi ulitoka nje, na kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,400. Kutoka Mombasa ni mbali zaidi. Saruji ni bidhaa nzito yenye thamani ndogo kwa kilo. Ikisafirishwa mbali, nauli huimeza bei yake, na nchi isiyo na pwani hulipa kwanza barabara kabla haijalipa saruji.

Mwaka 1984 kiwanda cha CIMERWA kilianza kazi Bugarama kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kikiwa na uwezo wa kutoa tani 100,000 kwa mwaka. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya mawe. Karibu na hapo, Mashyuza, chemchemi za maji moto zimekuwa zikitoka ardhini kwa maelfu ya miaka na kuacha tabaka juu ya tabaka la mawe ya chokaa. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake haina mawe ya namna hiyo, hii ni hazina.

Kiwanda hicho cha kwanza kilitumia njia ya majimaji. Mawe na udongo vilisagwa pamoja na maji mpaka vikawa uji mzito, kisha uji ukaingizwa katika tanuri lenye joto la kama nyuzi 1,450, ambamo hugeuka madonge magumu yaitwayo klinka. Madonge hayo yakisagwa ndipo saruji hupatikana. Njia hiyo ni rahisi kuisimamia, lakini ina kasoro: kama theluthi moja ya uji huo ni maji matupu. Kabla tanuri halijaanza kulipika jiwe, lazima kwanza liyakaushe maji yote. Ni sawa na mpishi wa kambi anayeteketeza mzigo wa kuni kuchemsha pipa la maji yasiyohitajiwa na mtu, ndipo ainjike sufuria ya ugali. Mafuta mazito ya kuendeshea tanuri yalitoka nje kwa fedha za kigeni, na hata pale mafuta yalipochanganywa na nishati ya nyumbani, maji yalibaki maji.

Mwezi wa Agosti 2015 kiwanda kipya kilizinduliwa mahali pale pale. Hiki hutumia njia kavu. Mawe husagwa yakiwa makavu, na unga wake hupashwa moto na hewa ile ile ya tanuri ambayo zamani ilipotea kupitia bombani. Kwa kawaida njia kavu huhitaji nishati pungufu kwa theluthi moja au zaidi kwa kila tani ya klinka. Uwezo wa kiwanda ulipanda kutoka tani 100,000 hadi tani 600,000 kwa mwaka. Mtaji mkubwa ulitoka kwa kampuni ya PPC ya Afrika Kusini, iliyokuwa na asilimia 51 ya hisa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 hisa hizo zilihamia kwa kampuni ya National Cement ya Kenya, na hivyo mtaji mkuu wa kiwanda hicho ukawa wa Afrika Mashariki.

Tutazame kwa makini kilichobadilika. Jiwe ni lile lile la Mashyuza. Jambo jipya ni kwamba palikuwa na watu walioyahesabu maji ndani ya uji, wakaihesabu hewa ya moto iliyokuwa ikitoka bombani, wakasema kwamba vyote viwili ni hasara inayoweza kuzuiwa.

Hata hivyo daftari la saruji halijafungwa. Jiwe la chokaa likiunguzwa hutoa lenyewe gesi ya kaboni, na sehemu kubwa ya gesi ya viwanda vya saruji hutokana na jiwe, wala si na moto. Duniani kote saruji inakadiriwa kutoa kama asilimia 7 au 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za watu. Dawa mojawapo ni ya kale: kupunguza klinka na kuchanganya majivu ya volkano, kama walivyofanya Warumi katika bandari zao. Rwanda ina milima ya volkano upande wa kaskazini. Tena, jirani wa machimbo anayepata vumbi, kelele na mtikiso wa baruti naye ana haki ya kuandikwa katika daftari, na safu yake isiachwe tupu.

MTAMBO ULIOKOSA CHAKULA

Kutoka Bugarama tupande kidogo hadi Gishoma, katika wilaya hiyo hiyo. Huko kuna kinamasi chenye nyiramugengeri. Hilo ndilo jina la Kinyarwanda la mboji ya kinamasi, yaani mimea iliyooza nusu na kulundikana ndani ya maji kwa maelfu ya miaka. Ikichimbwa na kuanikwa juani huwaka kama makaa. Serikali ilikusudia kuitumia kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 15, na ujenzi wake ulianza mwaka 2010.

Nia ilikuwa njema, na lazima tuiseme kwa haki. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme wa Rwanda ilitoka katika majenereta ya dizeli, na kila lita ya dizeli ilisafirishwa kutoka pwani. Kuchoma kitu kilichoko nyumbani lilikuwa wazo la kujitegemea. Lakini ujenzi ulichelewa kwa miaka, na mtambo ulipokuwa tayari, taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba haukuwa ukizalisha kama ilivyotarajiwa. Nyiramugengeri ya karibu haikutosha kuulisha, na wakati wa kiangazi maji ya kuuhudumia yalipungua.

Hapa ndipo tunapowaomba askari watusaidie kufikiri. Kamanda anayeamuru kikosi kusonga mbele hutuma kwanza watu wa kupeleleza. Anataka kujua njia ipoje, maji yako wapi, risasi ni ngapi, chakula ni cha siku ngapi. Kamanda akisonga bila kuyajua hayo, ushujaa wa vijana wake hautamwokoa. Mtambo ni kikosi. Nao hula kila siku, hunywa kila siku, na haujui kuvumilia njaa. Kina cha kinamasi hupimwa kwa kutoboa mashimo mengi, hatua kwa hatua, na kuandika kila shimo lina mboji kiasi gani na maji kiasi gani. Kazi hiyo inachosha, haina sherehe wala utepe wa kukatwa, na huenda ndiyo sababu katika nchi nyingi hufanywa kwa haraka. Mashine inunuliwayo kabla kazi hiyo haijakamilika imenunuliwa gizani.

Kuna hesabu nyingine inayosahauliwa mara nyingi. Kinamasi hukua polepole mno. Tabaka la unene wa milimita moja huweza kuchukua mwaka mzima. Kinachochomwa kwa mwaka mmoja hakitarudi katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Zaidi ya hayo, kinamasi ni ghala la maji, huyapokea ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Atakayekikausha kinamasi ili apate moto asistaajabu baadaye akikosa maji.

JIKO LA GEREZA

Sasa tutoe mfano wa pili kutoka wilaya hiyo hiyo, mfano ambao askari wa magereza wanaweza kujivunia. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, magereza ya Rwanda yalijaa watu zaidi ya 100,000. Majengo yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya watu wachache zaidi. Kila siku palihitajika malori ya kuni kwa jikoni, na kila siku vyoo vilifurika. Milima ilikatwa miti kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine uchafu ulitiririka mabondeni kuelekea mito na ziwa. Palikuwa na shida mbili, na kila moja ilikuwa na bajeti yake na ofisi yake.

Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Kigali, kilichojulikana kwa kifupi kama KIST, kiliziona shida hizo mbili kuwa shida moja. Mkuu wake wa wakati huo, Profesa Silas Lwakabamba, alikuwa amefundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wahandisi wake walikuja na ujuzi wa matangi ya bayogesi yanayojengwa chini ya ardhi kwa matofali, yenye umbo la kuba. Aina hiyo ya tangi imetumika kwa muda mrefu China, na katika Afrika Mashariki kituo cha CAMARTEC cha Arusha kiliiendeleza katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Wajerumani. Mwaka 2001 mtambo wa kwanza wa gereza ulianza kazi katika gereza la Cyangugu.

Utendaji wake si mgumu kueleweka. Uchafu wa vyoo huingia tangini mahali pasipo hewa. Vijidudu huula na kutoa gesi inayowaka. Gesi hupanda kwa bomba hadi jikoni. Majimaji yanayobaki, yakiwa yamepungua harufu na madhara, hutumika kurutubisha bustani. Wafungwa wenyewe walifunzwa uashi wa matangi hayo, na baadhi yao wakatoka gerezani wakiwa na kazi mkononi. Gharama za kuni zilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2005 KIST kilipewa Tuzo ya Ashden nchini Uingereza kwa kazi hiyo, na magereza mengine yakafuata.

Kwa nini jambo hili lilifaulu? Kwa sababu hesabu yake ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Katika gereza idadi ya watu inajulikana kila asubuhi. Malighafi haiwezi kupungua wakati wa kiangazi. Maji yapo, vyoo viko mahali pamoja, mafundi wapo, na msimamizi ana amri. Kila kitu ambacho Gishoma ilikikosa, gereza la Cyangugu lilikuwa nacho tayari ndani ya ukuta wake.

Lakini tusidanganyike tukadhani kwamba tangi lina uchawi. Kuanzia mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupeleka bayogesi katika kaya za wakulima, kwa lengo la kwanza la mitambo 15,000. Lengo hilo halikufikiwa, na ukaguzi wa baadaye ulikuta mingi ya mitambo iliyojengwa imelala. Tangi la nyumbani linahitaji walau ng'ombe wawili wanaolishwa zizini, maji ya kutosha kila siku, na fundi wa karibu bomba linapovuja. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja anayechota maji bondeni hana uwezo wa kulilisha. Kuba ni lile lile, matofali ni yale yale, gesi ni ile ile. Hesabu ya mahali ndiyo iliyotofautiana. Kwa hiyo mtu akitwambia kwamba chombo fulani kimefaulu mahali fulani, swali letu la kwanza liwe: kilikuwa kikila nini huko, na je, chakula hicho kipo hapa?

MAJI YA MPUNGA NA MBU WA LINDO

Turudi bondeni. Bugarama ni mojawapo ya mashamba makuu ya mpunga nchini Rwanda. Maji ya mto Rubyiro huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba, na vyama vya ushirika husimamia ugawaji wake. Mpunga huo hulisha miji. Lakini kila askari aliyekesha lindo karibu na majaruba anajua kitu kingine kinacholishwa na maji hayo. Maji yaliyotuama katika nchi ya joto ni nyumba ya mbu, na malaria ni adui anayewaondoa kazini askari wengi bila kufyatua risasi.

Katika jambo hili kuna uvumbuzi usiohitaji mtambo wala mkopo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, imeeneza njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Mkulima huchukua kipande cha bomba au cha mwanzi chenye urefu wa kama sentimita 30, hukitoboa matundu ubavuni na kukichomeka jarubani. Kupitia kipande hicho huona maji yamefika wapi chini ya udongo. Yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa shamba, hufungulia mfereji. Yasiposhuka hapo, huacha. Wakati wa kuchanua shamba hubaki na maji muda wote. Njia hii huweza kupunguza maji kwa kiasi cha hata asilimia 30 bila kupunguza mavuno, na hupunguza sana gesi ya methani inayotoka katika matope ya majaruba.

Faida ya tatu ndiyo inayowahusu walinzi. Kiluwiluwi cha mbu huhitaji maji kwa muda wa kama wiki moja hadi mbili kabla hajapata mabawa. Shamba likikauka katikati ya muda huo, kizazi kizima hufa. Uchina imewahi kuitumia njia ya kukausha majaruba kwa zamu kupunguza mbu wa malaria. Lakini mkulima mmoja akikausha jaruba lake huku jirani zake wakiacha yao yamejaa, mbu hawatapungua. Lazima wote wa mfereji mmoja wakubaliane siku moja. Hapa uvumbuzi hauko katika mwanzi wenye matundu. Uko katika nidhamu ya pamoja, na nidhamu ya pamoja ni kitu ambacho majeshi yetu yana ujuzi nacho.

Bonde hili lina hesabu nyingine ambayo inafaa kupigiwa kalamu. Katika kila kilo tano za mpunga, karibu kilo moja ni pumba za nje. Pumba hizo huwaka vizuri, na majivu yake yana silika nyingi, kitu ambacho saruji inakihitaji. Katika bonde moja tuna vinu vya kukoboa mpunga na tuna tanuri la saruji. Lundo linaloonekana kuwa taka mlangoni mwa kinu kimoja ni nishati mlangoni mwa jirani yake. Huo ndio uvumbuzi wa aina ya gereza la Cyangugu: kuziona shida mbili kuwa dawa ya kila mmoja kwa mwenzake.

MTO WA MATAIFA MATATU

Hatuwezi kuiacha Bugarama bila kuutaja mto wenyewe. Kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika, Rusizi huteremka karibu mita 700, na anguko hilo la maji ni nguvu isiyochimbwa wala kuchomwa. Bwawa la Rusizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Baada ya uhuru, Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda mwaka 1976 Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na nchi hizo tatu zikaanzisha shirika la pamoja, SINELAC, lililosimamia Rusizi II, kituo kilichoanza kazi mwaka 1989. Kila nchi ilipewa sehemu sawa.

Ni vyema tutafakari miaka iliyofuata. Eneo hili limepita katika vita, mauaji ya kimbari, mafuriko ya wakimbizi na uhasama wa serikali kwa serikali. Hata hivyo shirika hilo halikuvunjwa. Mkataba wa kugawana sawa, meza moja ya wahandisi wa nchi tatu, daftari moja la maji: hivi pia ni uvumbuzi, na pengine ni mgumu kuliko turubini. Sasa upo mradi wa Rusizi III, wenye megawati 206, uliokusudiwa kujengwa kwenye mto huo huo katika sehemu ya mpaka wa Rwanda na Kongo. Mapigano ya mashariki mwa Kongo, pamoja na uamuzi wa Burundi wa kuifunga mipaka yake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, vinatukumbusha kwamba bwawa la mataifa matatu haliwezi kusimama juu ya zege peke yake. Pasipo amani mhandisi hawezi kupima, na asiyepima atarudia makosa ya Gishoma kwa gharama kubwa zaidi.

WAJIBU WA WALINZI

Sasa tuseme jambo hili linawahusuje askari na polisi. Linawahusu kwa njia tatu.

Kwanza, ninyi ni watumiaji wakubwa. Kambi, chuo cha mafunzo, kituo kikubwa cha polisi na gereza vyote vina kitu ambacho kaya ya mkulima haina: idadi ya watu inayojulikana, vyoo vya pamoja, jiko la pamoja, na amri ya kufuatwa. Mahali penye kambi inayonunua malori ya kuni na kulipia magari ya kunyonya vyoo, mkuu wake ana sababu ya kuagiza daftari lifunguliwe: kuni kiasi gani kwa mwezi, maji kiasi gani, watu wangapi. Huenda hesabu ikaonyesha kwamba bayogesi inafaa; huenda ikaonyesha kwamba haifai na dawa ni majiko bora. Majibu yote mawili ni mema, kwa kuwa yametokana na kupima.

Pili, ninyi ndio mkono wa sheria, na sheria njema ni uvumbuzi pia. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaongeza marufuku hiyo kwa vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Mifereji ya miji ilibaki wazi, na wageni wakastaajabia usafi wa barabara. Lakini sheria hiyo ingekuwa karatasi tupu kama si polisi na watumishi wa forodha wanaoifuatilia katika mipaka, Bugarama ikiwa miongoni mwayo. Polisi anayempekua mama mchuuzi wa mpakani kwa adabu, akamweleza sababu ya marufuku na kumwonyesha mfuko mbadala, ameilinda sheria vizuri kuliko anayemfokea. Mtu aliyedhalilishwa hutafuta njia ya kichakani. Aliyeeleweshwa hurudi kwa njia kuu.

Tatu, ninyi hufanya kazi pamoja na wananchi. Katika Wiki ya Jeshi na kazi za kijamii za polisi, askari wametibu wagonjwa, wamejenga nyumba na kuwawekea wasiojiweza umeme wa jua. Tunaomba jambo moja liongezwe katika kazi hizo njema: siku ya kurudi. Kila kilichojengwa kikaguliwe baada ya mwaka mmoja. Taa ngapi bado zinawaka? Betri ngapi zimekufa? Bomba lipi linavuja, na fundi wake yuko wapi? Kikosi kinachorudi kuhesabu kitajifunza zaidi ya kile kinachopiga picha siku ya kukabidhi na kuondoka.

Tumeanza kwa mlinzi aliyesimama mpakani Bugarama. Na tumalizie kwake. Mbele yake kuna mto ambao nchi tatu zimeufanyia hesabu pamoja. Nyuma yake kuna majaruba yanayosubiri makubaliano ya siku ya kukausha, na bomba la kiwanda ambacho siku hizi hakipotezi moto wake kukausha maji yasiyotakiwa. Mlimani kuna mtambo uliokosa chakula, nao tusiufiche wala tusiucheke, kwa kuwa somo lililolipiwa kwa fedha za wananchi ni mali ya wananchi. Askari huyo akimaliza zamu yake huandika katika kitabu cha lindo saa, tukio na idadi, kisha humkabidhi mwenzake. Kazi hiyo ndogo ya kila usiku ndiyo tunayoiombea miradi yetu mikubwa: kiandikwe kilichopo, kiandikwe kilichopungua, na anayepokea zamu akute kitabu kimejazwa kweli.